Nesi wa leba Mombasa: Uingereza, Marekani au Saudia? Na huyu ejenti nimpe pesa?

NesiWaLikoni

Salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni nesi, KRCHN (nesi aliyesajiliwa wa afya ya jamii), nimesomea KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, hapa hapa Mombasa. Tangu nipate leseni kazi yangu imekuwa leba, wadi ya kujifungulia, katika hospitali ya umma ambayo jina lake nitaliacha. Nakaa Likoni na mume wangu, yeye yuko kwenye mambo ya klaringi bandarini, pamoja na watoto wetu wawili na mamangu mzazi. Mkubwa yuko gredi ya tano, mdogo bado hajaanza shule.

Sababu za kutaka kwenda mnazijua, sitaziimba zote. Mshahara ukichelewa, mkopo wa Sacco hauchelewi. Cheo nilichoajiriwa nacho ndicho nilicho nacho mpaka leo. Usiku tuko manesi wawili, na kuna siku kina mama sita wanashikwa na uchungu kwa pamoja: huyu amefika sentimita nane, yule presha imepanda, mwingine anakuita kwa jina la utotoni kwa sababu mlisoma pamoja shule ya msingi. Asubuhi unasimama ndani ya feri umebanwa na mikokoteni, na masikioni bado unasikia "sista, sista".

Lakini kazi yenyewe naipenda. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna watakaosema nakimbia wagonjwa. Mimi nakimbia pesilipu.

Sasa kuna ejenti. Ofisi yake iko ghorofani, maeneo ya Mwembe Tayari. Ana bango la ndege ukutani na msichana wa kupokea wageni. Anasema ana nafasi za moja kwa moja kwenye hospitali Uingereza, mtihani wa Kiingereza "utashughulikiwa", na gharama zote ni shilingi 280,000 kwa awamu tatu. Anataka 80,000 kabla ya Ijumaa, pamoja na vyeti vyangu halisi, si kopi, akavikague. Mwenzangu wa wadi ya watoto alishalipa na kukabidhi vyeti. Kila akiuliza anaambiwa faili iko London.

Mume wangu anasema Saudia ni karibu na hakuna kodi. Wifi yangu yuko Marekani, anasema nisipoteze muda Uingereza. Nataka kuwasikia waliokwenda, si waliosikia. Wapi kunafaa mtu wa umri wangu mwenye watoto? Huyu ejenti ni wa kweli? Na kubwa kuliko yote kwangu: nikifika huko, nitaendelea kuzalisha?

BiRehema_wa_Majengo

Wa aleikum salaam mwanangu. Niko Yorkshire. Majengo ndiko nilikozaliwa, na kabla ya kuja huku nilikuwa leba kama wewe, kwa hiyo nitakujibu bila kukupaka mafuta.

Ejenti kwanza, maana Ijumaa haiko mbali. Cheti halisi hakitoki mkononi mwako hata mtu ashike msahafu. Uingereza wana kanuni za kuajiri watu wa afya kutoka nje, na kanuni hizo zinakataza mtafuta kazi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Wakala analipwa na hospitali. Tena katika orodha yao ya nchi Kenya wameiweka kundi la kati, lile lenye rangi ya kaharabu: kuja kuchukua wauguzi kwetu kunaruhusiwa tu chini ya mkataba wa serikali mbili, ule uliotiwa saini Julai 2021. Wewe binafsi kuona tangazo la hospitali mtandaoni ukaomba mwenyewe, hilo halina shida. Sasa muulize bwana wa ghorofani yeye anaajiri chini ya mkataba upi. Na hapo nyumbani anayepeleka watu nje ni lazima awe na leseni ya NEA, mamlaka ya taifa ya ajira. Usisome karatasi aliyoitundika ukutani. Ingia mwenyewe kwenye orodha ya NEA mtandaoni ulitafute jina la kampuni.

Mtihani wa Kiingereza "utashughulikiwa" na nani? Baraza la wauguzi na wakunga la huku, NMC, linayathibitisha matokeo kwa waliotoa mtihani. Na usiudharau kwa sababu umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwaka ule wa 2021 waziri wa afya Mutahi Kagwe alisema wazi kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya, waliopita ni 10. Watu walikasirika, lakini mimi niliyewahi kuukalia sikushangaa. Kiingereza tunakijua, kinachotuangusha ni kuandika insha ya mambo ya mazingira na takwimu kwa dakika zilizohesabiwa. Kwa IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa watu wote, unatakiwa 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kuandika. Kuna OET, ambao ni wa watu wa afya: unapewa faili ya mgonjwa unaandika barua ya kumkabidhi kwa nesi au daktari mwingine. Huo unataka B, na C+ kwenye kuandika. Ni ghali kuliko IELTS, lakini barua ya rufaa umeiandika maisha yako yote. Ningekuwa wewe ningekwenda OET.

Mengine ni foleni ya karatasi, na unaweza kuisimamia mwenyewe ukiwa umekaa Likoni. Unafungua faili NMC, pauni 140. Baraza letu la wauguzi Nairobi linathibitisha usajili wako kwao moja kwa moja. Unafanya CBT, mtihani wa kompyuta, pauni 83: maswali 15 ya hesabu za dawa na 100 ya uuguzi. Ukishapita hayo ndipo unaomba kazi, unahojiwa kwa video, hospitali inakupa cheti cha udhamini, unakwenda Nairobi kupimwa kifua kikuu IOM, shirika la uhamiaji, unachukua cheti cha tabia njema, unaomba viza. Ada hizo mbili, ya faili na ya CBT, hazifiki hata shilingi 50,000. Linganisha na hizo 280,000.

Mtihani wa mwisho, OSCE, ule wa vitendo, unafanyika huku huku. Ni pauni 794, na hospitali nyingi hukulipia. Una vituo kumi, na karibu kila kitu unakifanya huku ukikisema kwa mdomo: naosha mikono, nauliza jina na tarehe ya kuzaliwa, nauliza kama kuna dawa inayokudhuru, naangalia bangili, naangalia tarehe ya kuharibika. Nesi wa Mombasa amezoea kufanya kimya na kwa haraka kwa sababu nyuma yake kuna watu wanaosubiri. Pale ukinyamaza umeanguka, hata mkono wako uwe umefanya sawasawa. Fanyia mazoezi jikoni, mwanao awe mgonjwa.

Sasa lile ulilouliza mwisho. Hapana. Hutazalisha.

KRCHN yetu ni nesi, mkunga, afya ya jamii na akili ndani ya cheti kimoja. Huku uuguzi na ukunga ni taaluma mbili, kila moja na sehemu yake ya rejista. Unaweza kuomba uingie kama mkunga, lakini watataka kuona mafunzo yako ya ukunga yanafika kiwango chao, tena OSCE yake ni nyingine. Karibu wote ninaowajua kutoka kwetu wameingia kama wauguzi wa watu wazima. Na muuguzi wa watu wazima ambaye ni mgeni anapelekwa wapi? Wadi ya wazee. Nilipofika niliwekwa kwa wazee wenye kusahau. Bibi mmoja alikuwa kila jioni anavaa koti na kuchukua mkoba, anasubiri basi pale mlangoni pa wadi, na kazi yangu ilikuwa kukaa naye kusubiri lile basi mpaka alisahau. Hakuna aliyenifundisha hilo chuoni, na nakwambia ni kazi, tena ngumu.

Halafu kuna kanula, ule mrija wa kutia dawa kwenye mshipa. Mimi nimetia kanula gizani kwa tochi ya simu, kwa mama aliyepoteza damu mpaka mishipa haionekani. Huku niliambiwa nisiguse kanula mpaka nimalize kozi yao, nitazamwe, nisainiwe. Hata dawa ya mshipa, ile paracetamol ya chupa, ilibidi mwenzangu aje atundike, msichana aliyemaliza chuo juzi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nasimama pembeni mikono imefungwa nyuma. Kama una moyo wa kuudhika haraka, ujue hilo linakusubiri. Lakini kitabu chao kikisema nesi mmoja wagonjwa kadhaa, mara nyingi idadi hiyo inafuatwa, na ikizidi unajaza fomu na mtu anajibu. Hilo nalo sikuwahi kuliona.

Pesa: muuguzi mpya anaanza bendi ya 5, yaani ngazi ya mshahara, ambayo kwa 2025/26 ilikuwa pauni 31,049 kwa mwaka. Wakishakata kodi, bima ya taifa na pensheni, mkononi unapata kama elfu mbili kasoro kwa mwezi. Kabla ya kupata PIN, namba ya usajili ya NMC, wanakulipa bendi ya chini. Chumba tu katika nyumba ya kushiriki ni pauni mia tano na kuendelea, na ukileta familia chumba hakitoshi. Usizidishe kwa shilingi kabla hujatoa kodi ya nyumba.

Na habari ya sasa hivi: milango imebana. Julai 2025 walifunga njia ya kuleta walezi wa wazee kutoka nje. Wauguzi bado tunaruhusiwa, na bado unaweza kuleta mume na watoto, lakini hospitali zinazochukua watu kutoka nje zimepungua sana ukilinganisha na mwaka niliokuja mimi. Mwaka huo huo walitangaza pia mpango wa kurefusha muda wa kupata ukaazi wa kudumu kutoka ile miaka 5. Sikukatazi kuja. Usiuze tu kitu kwa sababu ya Uingereza kabla hujashika barua ya kazi mkononi.

UmmuYusra

Bi Rehema amesema yake, nami niseme yangu kuhusu Saudia, maana watu wakisikia Saudia wanafikiria wasichana wa kazi za nyumbani tu. Nesi mwenye leseni anakwenda kwa njia nyingine kabisa.

Nilikuwa Jeddah, nimerudi, niko Bamburi kwenye nyumba iliyoezekwa na pesa za Jeddah. Vyeti vinapita DataFlow kuthibitishwa, unasajiliwa kwenye mfumo wa baraza lao, unafanya mtihani wa Prometric, basi. Mtihani wenyewe ni wa maswali ya kuchagua, na kwa nesi aliye kazini si wa kutisha. IELTS hawakuniuliza. Mshahara haukatwi kodi, nyumba ni ya hospitali, gari la kwenda zamu ni la hospitali, na tiketi ya likizo ilikuwa juu yao. Uingereza unalipwa zaidi kwenye karatasi, lakini Bi Rehema mwenyewe kakwambia chumba ni kiasi gani. Mimi nilikuwa natuma karibu mshahara wote.

Siku za mapumziko nilikuwa nakwenda Makka kufanya umra na kurudi siku hiyo hiyo. Hilo kwangu halina bei.

Upande wa pili: watoto niliwaacha kwa mamangu Kisauni. Mkataba niliousaini Nairobi na ule niliopewa kusaini kule haikuwa karatasi moja, kwa hiyo weka nakala ya ule wa kwanza kwenye simu na kwenye barua pepe kabla hujapanda ndege. Na huko hupati ukaazi. Iqama yako, kibali cha kukaa, inafuata kazi yako; kazi ikiisha unafunga mizigo. Saudia ni mahali pa kuchuma na kurudi, mtu asikudanganye vinginevyo.

Kuhusu kuzalisha: pale nilipokuwa daktari ndiye aliyekuwa akipokea mtoto. Mimi nilikuwa naangalia mashine ya mapigo ya moyo ya mtoto, naandika, natayarisha trei. Nilikuwa leba, lakini nikitazama.

BabaWaMtongwe

Sisi tusio na pasipoti tutazalishiwa wake zetu na nani? Kodi yetu ndiyo iliyojenga hivyo vyuo. Mnasomeshwa hapa, mnajifunzia kwa watu wetu, halafu mnakwenda kumvalisha mzungu koti akasubiri basi.

NesiWaLikoni

@BabaWaMtongwe Baba, shikamoo. KMTC nililipa karo, na nusu ya karo hiyo ni ng'ombe wa babu yangu kule Kwale. Wenzangu niliohitimu nao wako wanaouza nguo Kongowea mpaka leo kwa sababu hawajaajiriwa, na leseni wanazo, nzima. Wewe ukienda kwa mwakilishi wako wa wadi umuulize kwa nini usiku tuko wawili, nitakushukuru, na huenda nikabaki. Kuhusu yule bibi na basi, nimesoma mara mbili. Mamangu ameanza kuuliza marehemu baba yuko wapi. Sioni aibu ya kazi hiyo.

@UmmuYusra shukran dada. Saudia inanivutia kwa pesa, ila kuwaacha watoto siwezi, mdogo hasa. Mume wangu nimemsomea jibu lako, amenyamaza.

Ejenti nilimpigia nikamwomba namba yake ya leseni ya NEA. Akasema ataituma. Hajatuma.

KijanaWaTudor

Wifi yako hakukosea, lakini hajakwambia ni foleni ya namna gani. Niko katikati ya foleni hiyo, kwa hiyo nasema ya leo.

Marekani huombi kusajiliwa na nchi, unaomba na jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. Karatasi zako zinakaguliwa na CGFNS, ambao tangu 2025 wanajiita TruMerit. Wanataka transkripti ya KMTC itoke KMTC yenyewe, ikiwa na saa za darasani na za wadini kwa kila somo: watoto, uzazi, upasuaji, akili. Hapo ndipo wengi tunakwama, si kwenye akili bali kwenye bahasha. Nenda mwenyewe, uliza nani anasaini, urudi tena wiki ijayo ukamsalimie. Usiwe mkali. Anayetafuta faili yako kabatini ni binadamu, na siku hiyo huenda feri ilimchelewesha pia.

Kisha NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Ada ni dola 200, na ukifanyia nje ya Marekani unaongeza 150. Kompyuta inakupa maswali kati ya 85 na 150, muda wa saa tano, na inazima yenyewe ikisharidhika kuwa umepita au umeanguka. Ilipozima kwangu sikujua ni lipi. Maswali hayaulizi unajua nini. Yanakuuliza wagonjwa wanne wamepiga kengele, unaanza na nani. Na jibu wanalotaka ni la hospitali yenye kila kitu. Mimi nilikuwa nachagua jibu la nesi asiye na oksijeni, mpaka nikajifunza kusahau wadi yangu ninapoingia kwenye maswali.

Baada ya hapo VisaScreen, cheti cha ukaguzi wanachotaka kwa nesi wa nje kabla ya viza, na Kiingereza tena. Kwa IELTS ni 6.5 kwa jumla lakini kuzungumza lazima 7. Mwajiri anakuombea viza ya EB-3, ile inayokupa green card, yaani ukaazi wa kudumu, tangu siku ya kwanza, wewe, mume na watoto walio chini ya miaka 21. Hilo ndilo linalotufanya tuvumilie. Lakini viza zina mgao wa kila mwaka. Septemba 2024 za kundi hilo zilikwisha kabla mwaka wao wa fedha haujaisha, watu wakasubiri Oktoba. Siku ombi lako linapopokelewa unapata tarehe, na kila mwezi unafungua taarifa yao ya viza kuona tarehe zimesogea wapi. Wakati mwingine zinarudi nyuma. Hesabu kwa miaka.

Wakala wa Marekani wengi hawakutozi, wanakulipia, halafu wanakufunga kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, na ukitoka mapema unadaiwa. Soma ile sehemu ya kuvunja mkataba kabla ya sehemu ya mshahara.

Leba kule nesi anafanya mengi: anapima, anaongeza dawa ya kuchochea uchungu, anakaa na mama mmoja au wawili tu zamu nzima. Mtoto anapotoka anapokelewa na daktari au mkunga mwenye leseni yake. Mkono wako utakuwa pale, lakini si wa kwanza.

BiRehema_wa_Majengo

Kijana amesema kweli. Mwanangu, kwa watoto wako wadogo ningepima hivi: Marekani mnafika wote pamoja lakini mnachelewa; Uingereza unafika mapema, ukiajiriwa, lakini mwanzoni unakuwa peke yako mpaka upite OSCE na upate nyumba. Wengi huwaleta watoto baada ya hapo. Uzuri ni kwamba miezi ya kwanza ya njia zote mbili ni ile ile: Kiingereza, transkripti, uthibitisho wa Baraza. Anza na hizo. Wakati unazifanya, utaona mlango upi umefunguka.

Na kama ukunga ndio roho yako, kuna jambo jingine nakuambia japo hukuliuliza. Baadhi ya vyuo vikuu huku, vikishirikiana na hospitali, vina kozi ya kumgeuza nesi aliyesajiliwa awe mkunga. Nafasi ni chache na zinagombaniwa, na unarudi kuwa mwanafunzi kwenye kitu unachokijua. Rafiki yangu wa kutoka Kilifi alifanya. Aliniambia siku ya kwanza walimfundisha kupapasa tumbo kujua mtoto amelala vipi, akapapasa, akawaambia, wakaleta mashine kuhakikisha, na mwalimu akamuuliza amejuaje haraka vile. Mimi sikufanya, magoti yamechoka. Wewe bado una miaka.

NesiWaLikoni

Ahsanteni sana, nimenakili kila kitu kwenye daftari. Nimeamua ejenti basi. Yule mwenzangu nimempeleka kwa kaka yake, wamekwenda wawili kwa ejenti wakarudi na vyeti. Pesa bado, amesema atakwenda polisi.

Nina tatizo jingine. Cheti cha KMTC kimeandikwa Mwanaesha na majina mawili. Kitambulisho ni Mwanaisha, majina matatu. Leseni ya Baraza imefuata KMTC. Pasipoti sijachukua. Je, nichukue pasipoti kwa jina gani? Na kazini, nijiuzulu lini?

BiRehema_wa_Majengo

Hilo la majina ndilo linalotuua watu wa Pwani. Karani alisikia alivyosikia, akaandika.

Pasipoti itafuata kitambulisho, huna hiari. Kwa hiyo kitambulisho ndicho kiwe msingi, na vyeti ndivyo vije kwake. Kama tofauti ni herufi na jina la babu lililoachwa, nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo kwamba Mwanaesha na Mwanaisha ni mtu mmoja, uambatanishe kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, uipeleke KMTC na kwenye Baraza uombe rekodi isahihishwe. Ungekuwa umebadilisha jina kabisa ingehitajika deed poll na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, lakini lako si hilo. La muhimu ni mfuatano: Baraza warekebishe *kabla* hujafungua faili NMC au CGFNS. Wale wanalinganisha herufi kwa herufi. Na ukijisajili kwa mtihani wa Kiingereza tumia jina la pasipoti, maana ndiyo utakayoonyesha mlangoni. Kwa hiyo pasipoti ije kwanza, mtihani baadaye.

UmmuYusra

Kazini usijiuzulu. Omba likizo bila malipo kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi, na uiombe viza ikishatoka, si siku ya kupita mtihani. Niliona mtu aliaga, akakatiwa keki, akakaa nyumbani mwaka mzima. Mkopo wa Sacco pia uzungumze nao mapema, kwa sababu wadhamini wako ni manesi wenzako na hao ndio watakaokatwa.

KijanaWaTudor

Dada, mimi nilifanya OET na nina makaratasi ya mazoezi, barua kama ishirini. Niko Tudor, zamu ya mchana wiki hii. Pitia uchukue. Nimejaza majibu kwa penseli, kwa hiyo uje na ufutio.